Nyumba Haiuzwi, Lakini Msajili Anajua?

Ukipita Goba, Kinyerezi, Chanika au Bunju utayakuta maandishi kwa rangi nyekundu, herufi zimepinda: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongeza OGOPA MATAPELI, na wengine huacha namba ya simu. Anayeuchafua ukuta wake mwenyewe namna hiyo hakukurupuka. Amesikia yaliyompata jirani.

Barua iliyonisukuma kuandika leo imetoka kwa muuguzi aliyehamishiwa Songea na kuiacha nyumba yake Dar es Salaam mikononi mwa mpangaji. Mpangaji alimpigia jioni moja kumlaumu: mbona umeuza bila kutuambia? Walikuwa wamekuja watu watatu na dalali, wakapima sebule kwa hatua, mmoja akauliza kama shimo la choo ni la nyumba hiyo peke yake. Dada akapanda basi. Ofisi ya ardhi akaambiwa kwamba kuna mtu mwenye jina lake na namba yake ya NIDA ambaye ameshaomba hati mpya, kwa madai kwamba ile ya awali imepotea. Hati ya awali haijapotea. Iko kwenye begi lake, chini ya nguo, Songea. Anauliza mambo mawili: huyo mtu amepata wapi taarifa zangu, na je, nikipaka maandishi ukutani yatanisaidia?

La pili ni jepesi, nalijibu kwanza. Yatakusaidia kidogo: mnunuzi mwenye akili atasita, na asiyesita hataweza kusema mbele ya hakimu kwamba hakujua. Lakini Msajili wa Hati hapiti mitaani kusoma kuta. Anasoma jalada. Kama jalada halina neno lako, kwake nyumba hiyo inauzika kama nyingine yoyote.

La kwanza ndilo lenye mambo, na linaanzia mbali na ardhi. Linaanzia kwenye kidole chako.

Mnakumbuka mwaka 2019. Kuanzia tarehe 1 Mei tuliambiwa laini zote zisajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Mwisho ukawekwa tarehe 31 Desemba, kisha ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na foleni za NIDA zikawa ndefu kuliko za vituo vya kupigia kura. Tuliahidiwa kwamba tapeli hatakuwa na pa kujificha, kwa kuwa kila namba itakuwa na mwenyewe. Tapeli hakujificha. Alivaa jina la mtu mwingine, akaendelea na kazi.

Namna anavyolivaa ni hii. Umekaa chini ya mwavuli wa wakala, jua kali, unataka kurudisha laini iliyopotea. Wakala anakupa kile kifaa cha kidole. Unaweka. "Mama, hakisomi. Futa jasho." Unafuta kwenye kanga, unaweka tena. "Mtandao unasumbua leo, jaribu dole gumba." Unaweka mara ya tatu. Unapewa laini yako, unashukuru, unaondoka. Huna njia ya kujua kama zile mara mbili za mwanzo kidole hakikusoma kweli, au kilisoma vizuri na kuzalisha laini nyingine ambazo jioni zitauzwa kwa bei nzuri kwa vijana wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mawakala wengi ni waaminifu, wanatafuta riziki yao. Yule mmoja asiye mwaminifu anatosha kukupeleka kituoni.

Maana hapo ndipo watu wanaponasa. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitumika kuibia watu, mpelelezi anakuja kwako. Hana kosa kuanza na wewe, jina ni lako. Kosa ni lile linalofuata, pale unapoambiwa "saini hapa tu, yaishe, uende nyumbani". Usisaini maelezo ambayo hujasomewa ukayaelewa. Una haki ya kuambiwa unatuhumiwa kwa kosa gani, haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu, na haki ya maelezo yako kuandikwa kama ulivyosema: kwamba namba hiyo huijui, hukuisajili, na siku ya usajili ulikuwa mahali fulani. Na lile bango lililobandikwa ukutani kituoni, DHAMANA NI BURE, maana yake ni bure. Anayekwambia ina "gharama za karatasi" anakuibia mara ya pili.

Kabla hujafikia huko, piga *106# kwenye simu yako na ufuate maelekezo. Utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la huduma kwa wateja la mtandao husika, lile rasmi na si la mwavuli, uikane na uombe ifungwe. Chukua jina la aliyekuhudumia na tarehe. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, usiufute kwa hasira. Upeleke 15040 ambako Mamlaka ya Mawasiliano inapokea taarifa za utapeli. Na yule aliyetumia jina lako kwa njia ya mtandao amevunja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta kuna faini isiyopungua shilingi milioni tano au mara tatu ya alichopata, kutegemea kipi ni kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote. Adhabu kali, nakubali. Ingekuwa na maana zaidi kama tungewaona wanaokamatwa wakiwa wengi kuliko wanaolalamika.

Kidole kimoja hakiuzi nyumba. Mwizi wa nyumba anahitaji karatasi, na karatasi tunampa wenyewe.

Tazama steshenari yoyote mjini. Mtu anamtumia kijana wa dukani hati ya nyumba kwa WhatsApp aichapishe. Mwingine anaskani kitambulisho, cheti cha ndoa na pasipoti kwa ajili ya maombi ya chuo ya mtoto. Kompyuta ni moja, na juu ya kioo chake yamejaa mafaili yenye majina ya watu: NIDA MAMA SALMA, HATI KIWANJA BABA, SCAN 14. Hakuna anayefuta. Siku kijana akiacha kazi, au mwenye duka akiuza kompyuta, hayo yote yanahama nayo. Simama hapo mpaka faili lako lifutwe mbele ya macho yako, na kwenye simu yake pia. Ataona unamsumbua. Msumbue.

Dalali naye anataka "kopi ya hati nimwonyeshee mteja". Umeuliza bei ya soko tu, hujasema unauza. Kopi hiyo ina jina lako kamili, namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, na saini yako. Ni kila kitu anachohitaji mtu anayetaka kusimama mbele ya karani na kusema yeye ni wewe. Mteja wa kweli hahitaji kopi ya hati ili aone nyumba, anakuja anaiona. Akifika hatua ya kutaka uhakika, mpe namba, aende mwenyewe Ofisi ya Msajili akalipie upekuzi rasmi. Na popote unapolazimika kuacha kopi ya kitambulisho, iandike kwa kalamu juu ya picha: imetolewa kwa fulani, kwa kazi fulani, tarehe fulani. Kopi yenye maneno hayo haimfai mwizi.

Wapo pia wanaoacha taarifa zao kwenye programu za mikopo ya simu, zile zinazoruhusiwa kusoma majina yote uliyohifadhi na kisha kumtumia mkweo ujumbe kwamba wewe ni mwizi wa mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Orodha hiyo ilisaidia. Swali langu ni kuhusu vitambulisho na picha za watu zilizokwisha kukusanywa na majukwaa hayo 69: ziko kwa nani sasa? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuuliza hivyo hivyo. Unaweza kuiandikia kampuni yoyote uitake ikwambie ina taarifa gani zako, irekebishe zenye makosa, ifute isizostahili kuwa nazo, na ikulipe fidia ukipata madhara. Isipojibu, unapeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tume hii ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024, na bado Watanzania wengi hawajui ipo. Itumieni. Ofisi ya umma isiyopokea malalamiko hujisahau haraka.

Turudi kwenye hati "iliyopotea".

Njia hii ni halali kabisa, na ndiyo maana wezi wanaipenda. Hati hupotea kweli: moto, mafuriko, mwenza aliyeondoka nayo. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inamruhusu Msajili kutoa nyingine badala yake. Mwombaji anapeleka taarifa ya upotevu kutoka polisi, hati ya kiapo na kitambulisho. Kisha linatoka tangazo kwenye Gazeti la Serikali kwamba hati namba fulani ya kiwanja namba fulani imepotea, na kwamba mpya itatolewa iwapo hakuna pingamizi ndani ya mwezi mmoja.

Nikuulize, msomaji: mara ya mwisho umesoma Gazeti la Serikali lini? Mimi ni wakili na silisomi kila wiki. Muuguzi aliye zamu ya usiku Songea atalisoma? Sheria hii ilitungwa mwaka 1953, wakati wa Mwingereza, ambapo tangazo gazetini lilikuwa ndiyo njia ya kumfikia mwenye shamba na wakili wake. Leo Serikali ina namba yangu ya simu, imeifunga kwa kidole changu, na ikitaka kodi ujumbe unajua kunifikia. Lakini mtu akiomba hati ya nyumba yangu itolewe upya, sheria haimlazimishi ofisa yeyote kunipigia au kunitumia ujumbe wa mstari mmoja: hati yako imeombwa upya, je, ni wewe? Badiliko hilo halihitaji wafadhili wala kamati. Linahitaji kifungu kimoja na waziri mwenye nia.

Mpaka hapo litakapokuja, ulinzi uko mikononi mwako. Fanya upekuzi rasmi wa nyumba yako mwenyewe. Watu hudhani upekuzi ni wa mnunuzi tu. Lipia, pata majibu, uone jina lililoandikwa, uone kama kuna rehani usiyoijua. Kama uko mbali, fanya hivyo kila mwaka pamoja na kulipa kodi ya pango la ardhi, na stakabadhi za kodi hiyo uzitunze. Nimekutana na wateja wanaoleta risiti za LUKU kama ushahidi wa umiliki, kwa kuwa kodi ya jengo hukatwa humo. Luku hununuliwa na aliyemo ndani, hata mpangaji. Haithibitishi kwamba nyumba ni yako.

Na wewe dada uliyeandika: usipake rangi, andika barua. Barua ya pingamizi kwa Msajili wa Hati, yenye namba ya hati na kiwanja, ikisema hati haijapotea, iko mikononi mwako, na mwombaji humfahamu. Ambatisha kopi, nenda na hati halisi ikaonekane. Barua iwe nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila mhuri huo, baada ya miezi sita utaambiwa haikufika. Siku hiyohiyo nenda polisi.

Polisi utakutana na ukuta mwingine. Utaeleza yote, na ofisa aliyeegemea kaunta atakwambia: "Hii ni kesi ya madai, nenda baraza la ardhi." Sentensi hiyo imewapokonya watu nyumba nyingi. Mgogoro wa mpaka kati ya majirani ni madai. Kughushi hati ya nyumba au hati ya kumpa mtu mamlaka ya kuuza ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kujifanya wewe ni mtu mwingine kwa nia ya kulaghai ni jinai. Yote mawili yanaweza kwenda pamoja, kesi ya jinai huku na ya ardhi kule. Dai RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, dai jina la mpelelezi. Akikuomba hela ya mafuta ya gari ili aende kumkamata mtuhumiwa, mwulize atakupa stakabadhi gani, kisha panda ngazi kwa mkuu wake. Pia kuna TAKUKURU, namba 113, haitozwi. Mwizi wa nyumba hafiki mbali bila mtu wa ndani aliyelichungulia jalada kwa niaba yake.

Nimesema mwizi kana kwamba anatoka nje. Mara nyingi analala chumba kimoja na wewe.

Kesi za namna hii zimejaa kwenye mabaraza yetu. Mwanamke anafagia uwanja, inasimama gari yenye vipaza sauti, anashuka dalali wa mnada. Nyumba inauzwa kwa deni la benki. Deni gani? Mume alikopa miaka miwili iliyopita, akaweka nyumba rehani, na kwenye jalada la mkopo kuna hati ya kiapo yenye picha yake na muhuri, inayosema hana mke. Au, mbaya zaidi, kuna ridhaa ya mke iliyosainiwa na mwanamke mwingine kabisa, picha yake imebandikwa, jina ni la mke halali. Huo nao ni wizi wa utambulisho, ila hakuna kidole kilichowekwa kwenye mashine.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, iko wazi: nyumba ya familia haiuzwi, haiwekwi rehani wala haitolewi zawadi na mwenza mmoja bila ridhaa ya mwingine, hata kama hati ina jina moja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa kwenye rehani. Vizuri. Kisha mwaka 2008 likaja rekebisho la kurahisisha mikopo ya nyumba, na kifungu cha 114 kikapata mlango wa nyuma. Mkopaji ndiye wa kusema kama ana mwenza. Benki ichukue hatua za kuridhisha kuhakiki. Lakini mkopaji akileta kiapo au tamko lenye shahidi, benki inahesabiwa kuwa imetimiza wajibu wake. Akidanganya, yeye ndiye mkosaji: faini isiyopungua nusu ya mkopo, au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili.

Yaani tunamwamini mtu anayetaka kumficha mkewe atuambie kama ana mke. Na kiapo kinapatikanaje? Nenda karibu na geti la mahakama yoyote ya wilaya. Kishoka mwenye kompyuta mpakato anakuuliza jina na dini, unasubiri kwa muda wa kumaliza chai na maandazi, karatasi imetoka na muhuri wa wakili ambaye hajakuona. Juu ya karatasi ya namna hiyo sheria imejenga paa la familia. Ofisa mikopo anayetembelea nyumba kabla ya kukopesha huona watoto, kanga kwenye kamba, mwanamke anayemkaribisha maji. Amehakiki nini huyo? Bunge lingekuwa na huruma na wanawake wa nchi hii lingefuta kinga hiyo na kuitaka benki ithibitishe yenyewe, kwa kiongozi wa mtaa na kwa cheti, kwamba mke hayupo au amekubali akiwa mbele yao.

Kwa sasa, mke au mume ambaye jina lake halimo kwenye hati anaweza kuweka zuio kwenye rejista ya ardhi. Ile Sheria ya Ndoa inamtambua kuwa ana maslahi yanayolindwa kwa njia hiyo. Zuio likiwapo, Msajili hatasajili mauzo wala rehani inayopingana nalo. Si lazima mgombane kwanza, na si kumtangazia vita mwenzako. Wengi hunijia baada ya mnada, na hapo maji yameshazidi unga: mtu aliyenunua kwenye mnada wa rehani analindwa na sheria isipokuwa ithibitike alijua kasoro au kulikuwa na udanganyifu. Kabla ya mnada kuna nafasi. Mkopaji hupewa notisi ya siku 60, na tangazo la mnada lazima litangulie kwa siku zisizopungua 14. Notisi huenda kwa mkopaji, naye huikunja na kuiweka mfukoni. Kwa hiyo tangazo lililobandikwa ukutani ndilo kengele yako ya kwanza na ya mwisho. Siku 14 zinatosha kwenda kuomba zuio la mnada, ukiondoka siku ya kwanza na si ya kumi na tatu.

Wengine mtasema: sisi hatuna hati, tuna karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa. Hilo ndilo kundi kubwa. Jalada lenu liko kwenye droo ya mwenyekiti, na mwenyekiti akibadilika, droo inabadilika. Jueni mawili. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa mtaa asilimia kumi ya bei ya nyumba. Ni ulafi uliozoeleka mpaka ukapewa jina la ada. Na mhuri wake hauthibitishi umiliki. Nimeona kiwanja kimoja chenye karatasi tatu, wanunuzi watatu, mhuri mmoja. Mauziano yaandikwe na wakili, na jina la wakili lihakikiwe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama ana leseni ya mwaka huo. Majirani wa pande zote waitwe kwa majina na wasaini mkiwa uwanjani, mmesimama kwenye mipaka, si ofisini. Kisha ombeni hati. Najua urasimishaji umewaumiza wengi, mmechangishwa na makampuni ya upimaji kisha yakapotea na ramani. Fuatilieni halmashauri, si kampuni. Halmashauri haiwezi kuhama usiku.

Wapangaji nanyi msijione mko salama. Ule ujumbe wa "mimi baba mwenye nyumba wako, simu yangu imeharibika, kodi tuma kwenye namba hii" unawapata kila mwisho wa mwezi. Ukituma, kisheria hujalipa kodi. Deni kwa mwenye nyumba wako liko palepale. Mkataba uandike namba au akaunti ya kulipia, na usibadilishe kwa ujumbe wa simu hata kama anajua jina la mtoto wako.

Kama jambo limeshafika kwenye kushtakiana, jihadhari na milango isiyo yako. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halina mamlaka ya kuamua kesi ya ardhi, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likikupa "hukumu" umepewa karatasi tupu. Ukitoka hapo na cheti cha usuluhishi kushindikana, unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa mali isiyozidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Kama rejista yenyewe imeshabadilishwa jina, kuirekebisha ni kazi ya Mahakama Kuu. Hapo utamshtaki na Msajili, ambaye ni Serikali, na Serikali haishtakiwi kabla ya notisi ya siku 90.

Siku 90! Mwizi anahitaji wiki mbili kuuza, wewe usubiri miezi mitatu kulalamika. Mahakama zetu zimeona upuuzi huo na zikaweka dirisha: unaweza kuomba amri ya kuzuia kila kitu kibaki kilivyo wakati notisi inaendelea. Mawakili huiita Mareva. Mwulize wakili wako kwa jina hilo. Akikwambia "tusubiri kwanza siku 90 ziishe", tafuta mwingine. Usiye na uwezo wa kulipa wakili unastahili msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na watoa msaada wamesajiliwa mikoani. Anzia kwa ofisa ustawi au maendeleo ya jamii wa halmashauri yako.

Nimalizie na mlioko mbali, Muscat, London, hata Mwanza, mliomwachia binamu funguo na kopi ya kila kitu. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12 tangu uporwe. Wapo waliorudi na hati halisi mkononi, mashahidi hai, mwizi anajulikana kwa jina, na kesi ikafutwa kwa sababu walichelewa. Kwa hiyo wiki hii tuma mtu unayemwamini, na si huyo binamu, aende kwa Msajili akalipie upekuzi wa nyumba yako, kisha akutumie picha ya majibu.